Sifa za Shoti

Wafalme wamesifiwa wakachoka. Ng'ombe wamesifiwa, bia imesifiwa, hata timu za mpira zinazofungwa kila Jumapili zina waimbaji wao. Hakuna aliyeikumbuka shoti: ule waya uliochubuka mahali pasipoonekana ndani ya lori, unaogusa chuma barabara ikitikisa na kujitenga fundi akiinama kuutazama. Deni hilo nalilipa leo, tena nalilipia Goma, ambako shoti na ukoo wake mzima wametunzwa vizuri.

Tuanze na makao yake. Lori linalokwenda Butembo ni nyumba. Mvua ikinyesha barabara inageuka tope, na dereva anaishi humo siku baada ya siku: kitanda nyuma ya kiti, redio, feni, inveta ya televisheni ndogo, simu za nusu ya abiria zikichajiwa. Lori ni la volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, lakini redio na feni vinataka 12. Mwenye lori anafanya nini? Anavuta waya kutoka betri moja tu, ile iliyo karibu. Betri hiyo inanyonywa usiku kucha. Asubuhi alteneta inasukuma volti zake 28 kwa zote mbili bila kuuliza nani amefanya kazi. Ile iliyonyonywa haishibi kamwe. Ile iliyolala inalishwa kupita kiasi mpaka maji yake ya tindikali yanachemka. Moja inakufa kwa njaa, nyingine kwa shibe, na zimekaa sanduku moja. Sijasoma mwanauchumi aliyeieleza Kivu kwa ufupi kuliko huo.

Halafu kuna masi, dada mkubwa wa shoti. Umeme wa gari huenda kwa waya na kurudi kwa chuma cha gari lenyewe, kupitia boliti chache. Hapo mji wetu unajitolea. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, ikikutana na mvua inakuwa tindikali, na mabati yetu yanajua mwisho wa habari. Boliti ikishaliwa, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani. Dereva anawasha indiketa ya kushoto, taa za breki zinaitikia. Anakanyaga breki, dashibodi inawaka kama sikukuu. Anapofika gereji ameshanunua balbu mpya za kila upande, na kijana anamwambia kwa heshima: "Papa, hii si ampule, ni masi."

Sifa kuu ya shoti, hata hivyo, ni uaminifu. Mambo mengi yanakatika Goma, na mengi hukatika bila kueleza. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Tangu hapo kila mmoja ana maelezo yake, na hakuna unayeweza kumfunulia boneti. Shoti haijawahi kutufanyia hivyo. Betri ikifa usiku, chanzo kipo ndani ya gari, hakiko Kinshasa, Kigali wala Doha. Fundi anazima kila kitu, anachomoa waya hasi wa betri na kuunga balbu katikati. Saa ya dashibodi hunywa kidogo mno, haiwezi kuiwasha. Balbu ikiwaka, mwizi yumo. Fyuzi zinachomolewa moja moja, na ile ambayo ikitoka balbu inazimika ndiyo inayotaja mtaa wa mwizi. Hakuna tume ya uchunguzi iliyofika mbali hivyo kwa vifaa vichache namna hiyo.

Wakati mwingine mahali pa fyuzi ya manjano ya ampea 20 panakutwa msumari. Msumari hauungui, na mwenye lori hujivunia hilo. Kinachoungua ni waya wote nyuma yake. Georg Ohm alipochapisha kanuni yake mwaka 1827, wasomi wengi wa Ujerumani waliipokea kwa ubaridi. Huku mtaani Ndosho, hapa Goma, msumari mmoja unaithibitisha kwa moto, mbele ya mashahidi.

Nisisahau mchango wa shoti kwa biashara ya nje. Koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi, inashushwa mlima kwa magunia, inakwenda mbali na kutolewa tantalamu, na tantalamu inakuwa vipande vidogo ndani ya vifaa vya elektroniki, vya magari vikiwemo. Gari likichakaa linaletwa kwetu. Shoti inachoma lile sanduku la kompyuta ya injini, nasi tunaagiza jingine. Bila shoti tungewezaje kuununua tena mlima wetu, punje kwa punje?

Na ina adabu. Lori lililozimika mara kwa mara kutoka Kibumba likifika gereji linawaka kwa mguso wa kwanza, taa zote timamu, dereva akibaki kuapa kwa jina la mama yake. Fundi hambishii. Anakaa chini ya lori mpaka jioni akitikisa waya mmoja mmoja, hadi mmoja unakohoa cheche. Mkanda mweusi unazungushwa, bei inatajwa kwa dola, dereva anatoa noti. Fundi anainyanyua kwenye mwanga wa taa aliyoifufua, anaikagua kona zote nne, anakuta imechanika upana wa ukucha, na kuirudisha: "Papa, hii haipite."