Sifa za Nzi wa Ndizi

Kariakoo ina wengi wa kusifiwa: madalali, wabeba mizigo, akina mama wanaochemsha chai kabla ya adhana ya alfajiri. Hao wamekwisha kusifiwa. Leo ni zamu ya nzi. Simsemei yule mkubwa anayetoboa maembe yakiwa bado mtini; huyo ana maadui wake wizarani. Namsemea kijinzi mwenye macho mekundu, urefu milimita 3, anayetua kwenye ukingo wa glasi ya juisi, akasugua miguu ya mbele bila haraka, kisha akazama.

Mnamwita mchafu, na kumbe ni Mwafrika halisi. Kwao ni kusini mwa bara hili, na wapo watafiti wanaosema alikuwa akila matunda ya mng'ongo kabla hajaamua kuishi na binadamu. Kitambulisho cha machinga cha shilingi 20,000 hakununua, ushuru halipi, na mgambo hawajawahi kumhamisha.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni kushika saa. Katika jiji hili huo ni muujiza. Mtu akikuambia kwa simu kwamba yuko kituo cha Fire, ujue bado anatafuta viatu nyumbani Kimara. Nzi hana uongo huo. Huchangamka jua likiwa bado halijachomoza, mchana akatulia, magharibi ikikaribia akachachamaa upya.

Mwaka 1971 Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer, huko California, walionyesha kwamba saa hiyo imo ndani ya jeni. Waliipata ikiwa imeharibika kwa namna tatu: nzi ambao siku yao ni ya saa 19, wa saa 28, na wasio na siku kabisa. (Fundi wangu wa nguo ni wa kundi la tatu.) Hall, Rosbash na Young waliofumbua jeni hiyo inavyofanya kazi walipewa Nobel mwaka 2017.

Lakini saa ndani ya seli haitoshi. Ubongo wa nzi una seli za neva zaidi ya laki moja. Zenye saa ni chache, na kila moja ingeweza kwenda kivyake. Anayezifanya ziende pamoja ni mpiga debe mmoja: peptidi iitwayo PDF, mnyororo wa asidi amino 18 tu, inayotolewa na seli 16 hivi. Mwaka 1999 watafiti waliwapima nzi wasio nayo. Kwenye mwanga na giza la zamu walijikongoja, ila ule uchangamfu wa kabla ya alfajiri ulitoweka, na wa jioni ukawahi kwa kama saa nzima. Walipoachwa gizani mfululizo, baada ya siku chache wengi hawakuwa na ratiba tena. Kulala na kuamka kukawa ovyo.

Na jambo ambalo nzi huyu hajashukuriwa: maabara zinazomchunguza hufuata saa ya Kiswahili. Huko hawahesabu kuanzia usiku wa manane. Taa ikiwaka ni sifuri, ikipita saa moja ni saa moja, ikizimwa ni saa 12. Bibi yangu angeingia humo akaanza kazi siku hiyo hiyo.

Muuza ndizi anayetaka kulipiza kisasi, basi, amvizie saa saba mchana, dume akiwa usingizini. Jike aliyekwisha kupandwa hatamkuta amelala, maana katika manii ya dume mna peptidi nyingine inayomwondolea usingizi wa mchana, naye hushinda akila na kutaga. Mpango huo Kariakoo tunaujua. Saa saba muuza ndizi mwenyewe kajilaza juu ya viroba, na mama wa meza ya pili ndiye anayepunga kipande cha boksi, anafukuza nzi wake na wa jirani.