Boti Nyekundu ya Norwei

Kikundi chetu cha uokoaji wa kujitolea hapa Pangani kina boti moja ya fiberi, injini ya kuazima, na kasia lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku tunafungua tovuti, mimi katibu niliona haya kuianika boti hiyo mbele ya walimwengu. Nikaingia Google, nikaokota picha yenye mawimbi marefu kama minazi na boti nyekundu inayong'aa. Nyuma yake ilipepea bendera ya Norwei. Niliikata, ila mkono wangu si wa fundi, ikabaki robo.

Hazikupita siku tatu wavuvi wakajaa kwenye baraza ya Mwenyekiti, ambayo ndiyo ofisi yetu, kuuliza boti mpya imefichwa wapi. Mama mmoja muuza samaki alishakata shauri kwamba tumeiuza. Waliokuwa wakitusaidia mafuta nao wakafunga mikono. Wenye boti ile wanaombaje mafuta?

Kisha ikaja barua pepe ya mwenye picha. Mtu mstaarabu; aliuliza tu nani kanipa ruhusa. Nikamjibu kwamba nimeikuta Google. Ni sawa na kumwambia mwenye kuku kwamba kuku wake nilimkuta barabarani, na wali nilikuwa nao tayari. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimdai mtunzi ajisajili wala aandike onyo. Kazi inalindwa tangu inapobuniwa, na kwa kawaida ulinzi huo humfuata mtunzi maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, picha ile angekuja kuiweka mjukuu wangu. Nikaifuta, nikaomba radhi, akanisamehe bila kudai senti. Zipo picha za leseni ya Creative Commons ambazo wenyewe wameruhusu zitumike mradi utaje jina lao, lakini boti ya watu ni boti ya watu hata kwa kibali.

Basi tukarudi kwenye picha zetu za simu, nikadhani nimeshatia nanga. Ya kwanza ilimwonyesha jamaa tuliyemtoa majini, kajifunika kanga, anatetemeka. Nilipiga mwenyewe, hakimiliki safi kabisa. Kumbe alikuwa amemuaga mkewe kwamba anakwenda Korogwe. Korogwe haina bahari. Picha ikatoka usiku uleule.

Aliyenitoa ushamba hasa ni Mzee wetu, nahodha wa zamani ambaye haoni tena, na simu yake humsomea skrini kwa sauti. Nilimwomba aisikilize tovuti. Simu ikaanza: "IMG, 20230611, WA0007." Akatelezesha kidole. "IMG, 20230611, WA0008." Zote zilikuwa hivyo, kwa sababu sikuandika maelezo mbadala, yale maneno yanayokaa nyuma ya picha ili asiyeona asomewe. Simu yake ikiyakosa, husoma jina la faili.

"Mwanangu," akasema, "hawa ndio mliowaokoa, au ni namba za magari yao?"

Usiku ule nikaandika maelezo. Mimi nikipewa nafasi ya kuandika sijizuii: jua linazama, anga rangi ya embe bivu, upepo wa kusi unabembeleza maji. Kesho yake Mzee akasikiliza dakika nzima, akanikatiza.

"Nani yuko majini?"

"Hakuna, Mzee. Ni boti tu."

"Basi andika boti. Na namba ya kupiga mtu akizama?"

"Iko juu kabisa, kwenye bango."

"Simu haijaitaja."

Namba ilikuwa ndani ya picha, herufi nyeupe juu ya povu jeupe. Mwenyekiti, mwenye macho yake mawili, akafungua kwa simu yake. Bando lilikuwa linakata roho, picha haikufunguka, naye asiione namba. Miezi minne tovuti ya uokoaji ilikuwa haina pa kuombea uokoaji.

Siku hizi namba imeandikwa kwa maandishi ya kawaida, mstari wa kwanza. Chini yake ipo picha ya boti yetu wenyewe, na Mzee ameyapitisha maelezo yake: "Boti nyeupe, imebanduka rangi ubavuni. Kasia moja limefungwa kwa mpira." Mafuta yameanza kurudi. Mwenye kasia la akiba, namba anaijua ilipo.