Hili la Nani?

Sheria ya udhiya imetulia kabisa: mbuzi mmoja mtu mmoja na familia yake, ng'ombe mmoja watu saba. Mfuko wangu ukakataa mbuzi, nikaingia kwenye ng'ombe. Ng'ombe hana shida. Shida ni hao sita wengine.

Kero inaanzia mnadani Pugu. Ng'ombe anatakiwa awe ametimiza miaka miwili, asiwe kipofu, kilema, mgonjwa, wala kakonda kabakia mifupa. Kazi ya mtu mmoja anayejua mifugo. Sisi tukaenda wote saba, kila mmoja anataka kumfunua mdomo ahesabu meno. Mzee wetu mmoja, fundi cherehani tangu ujana wake, akawa anapapasa nundu kama anapima bega la koti. Dalali katutazama weee, kisha akapandisha bei.

Kuchinja kwenyewe hakuna maneno. Baada ya swala ya Idd mnyama analazwa ubavu wa kushoto, anaelekezwa Kibla. Kisu kimeshanolewa huko uani asikokiona. Bismillahi Allahu Akbar, koromeo, umio na mishipa miwili, kwisha. Mchinjaji anasubiri hadi atulie kabisa ndipo aanze kuchuna. Yeye yuko kimya. Wenye makelele ni sisi washika kamba. "Vuta!" "Legeza!" Na kuna mmoja alikuwa kashika mkia, sijui nani alimtuma.

Sasa njoo kwenye malipo. Ujira wa mchinjaji hautoki kwenye nyama ya udhiya wala kwenye ngozi yake. Analipwa pesa taslimu. Hapo ndipo utasikia, "Shehe, nitakurushia kwenye simu jioni." Jioni ya lini, hawasemi.

Mafungu saba yakapangwa juu ya turubai. Ng'ombe ana makongoro manne, ini moja, ulimi mmoja. Gawa! Ini likakatwakatwa hadi paka wa mtaa wakakata tamaa. Ili kusiwe na upendeleo, mtoto akageuzwa mgongo, mtu akawa ananyooshea kidole fungu: "Hili la nani?" Mtoto anataja jina. Mtoto mwenyewe ni mjukuu wa fundi cherehani, na fungu lenye sarara likaenda kwa babu. Mtoto simtuhumu. Ila kile kikohozi cha babu nilikisikia.

Mimi nikaangukia mbavu na fupa la paja. Nikatoa theluthi ya maskini, theluthi ya jamaa na majirani. Jirani yangu Mkristo, ambaye kwa mbuzi wake wa Krismasi humwita mchinjaji huyuhuyu ili na sisi tule bila wasiwasi, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Akashukuru. Kisha akachungulia ndani, akageuza kipande kimoja, akageuza na cha pili.

"Baba Salma, na ule ulimi mwaka huu kala nani?"