Tulikwenda Kasarani Kupiga, Tukapika

Wimbo wetu mkubwa ulitungwa kwa ajili ya fahali. Jirani mmoja hapa Olenguruone alikuwa na fahali wa gredi aliyerudi na utepe kutoka maonyesho ya kilimo, akatuita tumpambie sherehe, nasi tukatunga beti nne na kiitikio. Fahali alipouzwa, wimbo ukabaki bila mwenyewe, tukauhamishia kwenye harusi. Ukakubali. Sifa za fahali mwema na za bwana harusi haziachani sana: kifua, mwendo, ukoo. Baadaye tuliuimba kwa mwenyekiti mpya wa ushirika wa maziwa, na hakuna aliyelalamika ila ajuza mmoja aliyeukumbuka ubeti wa tatu, ule wa pembe.

Mapema mwaka 2022, vyama vilipokuwa vikiitisha mikutano mikuu ya wajumbe mfululizo kama harusi za Desemba, simu yangu ikalia. Aliyepiga alijitambulisha kuwa mratibu wa burudani. Alikuwa ameona video yetu, akaipenda kwa sababu ilikuwa na "uasili". Akauliza kama tuna wimbo wa kumsifu kiongozi wa chama. Nikamwambia tunao, na kwamba umeshafanyiwa majaribio.

Chama chenyewe sikitaji. Mimi ni mkaazi wa Olenguruone, na waliokuwa Kuresoi na Molo wakati wa ghasia za mwaka 1992, na tena za mwanzoni mwa 2008, wanajua kwa nini mtu wa huku akiulizwa habari za vyama hujibu kwa kuuliza bei ya viazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa jina. Pengo la jina katika wimbo ni la silabi mbili, maana fahali aliitwa Simba. Kiongozi wa chama, ukiweka majina yake na cheo ambacho mratibu alionya kisiachwe, alizidi silabi kumi. Binti wa shangazi yangu, ndiye mwimbaji wetu, alijaribu kuzipitisha kwa pumzi moja akabanwa na kikohozi. Nikamtia moyo kwamba watu wa huku hatujawahi kushindwa na jina. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mashine yake ya kunasa sauti, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani wa gitaa ambaye sauti yake ilitufikia ndani ya santuri. Wale wasichana walilichukua jina, wakalikunja likaingia mdomoni, na mwenyewe wakamwongezea kwato. Lakini Rodgers hakuwa akigombea kitu. Hakuwa na mratibu.

Kinanda tuliazima kanisani, kwa masharti matatu: kisipigiwe nyimbo za dunia, kisiingizwe baa, kirudi kabla ya Jumapili. Mzee wa kanisa akaniuliza, akinitazama juu ya miwani, kama siasa ni ya dunia. Nikamjibu kwamba mkutano utafunguliwa kwa maombi. Akatia sahihi.

Tuliondoka usiku kwa matatu iliyojaa viazi. Kipaza sauti cha besi kilikaa juu ya keria katikati ya magunia mawili, na mvua ikatushika kabla ya Keringet, nayo haikutuachia hadi Molo. Kuanzia Nakuru, kilomita kama 160 zilizobaki tulizimaliza tukiwa tumelala, kila mmoja kajifunika kabuti la kwetu, lile la kuvaa ukienda kukamua saa kumi alfajiri. Tulishuka Kasarani asubuhi jua limechomoza, tukiwa ndani ya makabuti hayo, tukinuka udongo. Mpiga besi akageuza kile kipaza sauti chake, kikatema viazi viwili.

Langoni tulikabidhiwa beji. Mlinzi alizisoma, akatutazama, akanusa, akaridhika. Akatuonyesha njia ya nyuma. Tulifuata njia ile kwa fahari ya wasanii wanaopitishwa mlango wao, mpaka tukatokea penye masufuria manane makubwa kama matangi na mama mmoja mwenye aproni ya buluu ambaye, bila hata salamu, alitupa visu. Hapo ndipo niliposoma beji yangu. Mahali palipotakiwa kuandikwa WAPIGAJI paliandikwa WAPISHI.

Nilijaribu kumweleza. "Mama, sisi ni wanamuziki."

"Hata mimi naimba," akasema. "Viazi ni hivyo."

Nikaviangalia vile viazi. Nikamjua mmoja baada ya mwingine. Walikuwa Shangi, ngozi yao nyeupe yenye macho ya waridi, na baadhi walikwisha kuanza kuchipua, maana Shangi hana subira. Vilikuwa na udongo ule ule uliokuwa kwenye viatu vyangu. Nimetoka Olenguruone usiku kucha, nikapita kaunti kadhaa, nikaingia mji mkuu wa Jamhuri, ili nimenye viazi vya Olenguruone. Tulimenya gunia moja na robo. Mpiga ngoma wetu ana mkono mwepesi. Yule mama alimwuliza kama ameoa.

Mratibu alitupata saa nne, jasho linamtoka, akitaka kujua kwa nini hatupokei simu. Mikono ilikuwa kwenye karai.

Nyuma ya jukwaa tulikutana na fundi wa mitambo, mzee mwenye koti la mifuko mingi, mtu aliyeona mengi na kushangaa machache. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, lakini kwa maelezo yake, miereka ya kweli huchezwa na wanasiasa. Alikuwa hapa akivuta nyaya tarehe 18 Machi 2002, siku KANU ya Rais Moi ilipomeza NDP ya Raila Odinga. Viti vinne vya manaibu wenyekiti vilikwenda kwa Uhuru Kenyatta, Musalia Mudavadi, Kalonzo Musyoka na Katana Ngala, na Profesa George Saitoti, Makamu wa Rais wa nchi nzima, akajikuta hayumo. Joseph Kamotho naye akaupoteza ukatibu mkuu, ukaenda kwa Raila. "Na muziki ulikuwaje siku hiyo?" nikamwuliza. Akafikiri. "Ulikuwepo," akasema.

Jibu lile liliniuma kidogo wakati huo. Saa mbili baadaye nililielewa.

Maana muziki kwenye mkutano wa chama hausikilizwi. Unafanya kazi ya taa za barabarani. Mratibu alitupa maagizo: mkono wangu ukipanda, pigeni, ukishuka, kateni. Hakukuwa na la tatu. Mkono ulipanda mgeni mmoja akiingia, tukapiga sekunde arobaini, ukashuka. Ukapanda msemaji mmoja alipokataa kuachia kipaza sauti, tukamzika, ukashuka. Ukapanda umeme uliporudi. Hadi adhuhuri tulikuwa tumeupiga ubeti wa kwanza mara kumi na moja, na hatujafika kwenye kiitikio hata mara moja. Mimi nilijifunza gitaa kwa kuzifuatisha nyimbo za marehemu Kipchamba arap Tapotuk kwenye redio ya mjomba, na katika nyimbo zile gitaa huingia taratibu, linapiga hodi, linakaa, ndipo maneno yaanze. Sasa nilikuwa nagonga mlango na kukimbia, kama watoto wanaosumbua jirani.

Katikati ya sekunde zetu arobaini walikuwa wasemaji. Kila mmoja alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, jina kwa jina, kuanzia safu ya mbele. Halafu husema "sina mengi". Mpiga ngoma wetu huhesabu mapigo hata akiwa mazishini, na alipima: "sina mengi" ya mwakilishi wa vijana ilichukua dakika ishirini na sita. Ya wazee ilichukua dakika nne, na ndani yake mlikuwa na maneno. Nikiwa mwanamuziki nilikuta jambo moja la kustahi: wanajua kusubiri "hoyee". Anatupa "hoyee", anafumba macho, anaiacha irudi, hakimbilii neno linalofuata. Waimbaji wangapi wa injili hapa Rift Valley wangefaidika na somo hilo.

Ndipo likaja la maji. Kiongozi alikuwa anasubiriwa wakati wowote. Wajumbe elfu kadhaa wametazama mlango mkubwa, akina mama wa mapokezi wamejipanga na shada la maua, sisi tumeshika vyombo, macho kwa mratibu. Mlango ukafunguka. Akaingia kijana mwembamba mwenye tai ya kipepeo, anasukuma toroli lenye katoni za maji ya Keringet. Alikuwa ameambiwa apeleke maji jukwaani na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Mratibu alipomwona akainua mkono kumzuia: simama hapo hapo!

Sisi tuliona mkono.

Tulipiga kwa nguvu zote za baridi ya kwetu. Ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele, filimbi, bendera. Kijana akageuka nyuma kutazama nani ameingia, hakuwepo mtu. Akatazama mbele. Akafikiri kidogo, kisha akafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: akapunga mkono. Kelele zikaongezeka. Binti wa shangazi akamwaga silabi zote zaidi ya kumi, cheo kikiwa ndani, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. Mama wa shada, ambaye alikuwa amesimama tangu saa mbili na hakutaka kukaa na ua lake tena, alimvisha. Kijana alisukuma toroli hadi mbele, shada shingoni, akigawa tabasamu kushoto na kulia, na ninaapa ya kwamba mzee mmoja mashuhuri alinyanyuka akampa mkono. Mkono wa mratibu ulikuwa bado juu, maana sasa alikuwa ameushikilia kichwani kwa mkono wa pili.

Kiongozi mwenyewe alipoingia, robo saa baadaye, watu walishangilia vizuri tu. Lakini sauti zilikwisha kuchoka, na shada lilikuwa na unyevunyevu.

Alasiri ndipo nilipojua tuliitiwa nini. Mwenyekiti wa kikao alisoma maazimio, akasema wanaounga mkono waseme ndiyo. Ilikuwa "ndiyo" tamu, ya sauti nyingi, imekaa karibu kabisa na ufunguo wetu. Kisha akasema, "Wanaopinga..." na mkono wa mratibu ukawa juu. Tukapiga. Ikawa hivyo kwa azimio la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Mpiga ngoma aliniambia baadaye kwamba kati ya neno "wanaopinga" na ngoma yake ya kwanza palikuwa na nafasi ya pigo moja tu. Faith Kipyegon wetu wa Keringet, aliyekuwa na dhahabu mbili za Olimpiki kufikia wakati ule, asingeweza kupenyeza "la" pale. Sijui kama kulikuwa na mtu wa kupinga. Ninachojua ni kwamba hata angekuwepo, hata jirani yake wa kiti asingemsikia, na aliyemfunika ni mimi, kwa gitaa nililonunua kwa pesa za maziwa.

Nilipokuwa nakunja nyaya niliwakumbuka Gidi Gidi Maji Maji. Wale vijana wawili walitunga "Unbwogable" wakijizungumzia wenyewe, ukaokotwa na upinzani katika uchaguzi wa 2002 hadi ukawa wimbo wa NARC. Wao walitunga wimbo ukageuka siasa. Wetu ulianza na fahali, ukaishia kuwa kifuniko cha sufuria.

Jioni tulirudi jikoni, kwa kuwa beji zilituruhusu, na kwa kuwa vyakula vya wasanii vilikuwa vimeliwa na watu wenye beji za wasanii. Yule mama alitupakulia kwanza sisi kabla ya wajumbe wa meza kuu, akisema waliomenya wanakula. Kisha akaketi juu ya gunia tupu, akafuta mikono kwa aproni. "Haya, niambieni kama kweli mnaimba."

Tukaupiga wote. Beti nne, kiitikio mara tano, na ubeti wa pembe. Hatukuweka jina la mtu yeyote, tulirudisha Simba. Wapishi kumi na wawili walicheza katikati ya masufuria hadi mlinzi wa nyuma akaja kuuliza mgeni gani tena amefika.

Malipo tulikubaliana nusu kabla na nusu baada. Nusu ya kwanza ilitufikisha. Kinanda kilirudi kanisani Jumamosi jioni kikiwa na ganda la kiazi chini ya kibonye cha fa, na mzee wa kanisa hakuniuliza kitu. Nusu ya pili bado naifuatilia. Nikimpigia mratibu, badala ya mlio wa kawaida nasikia wimbo wetu, ameuweka kwenye simu yake. Unacheza ubeti wa kwanza, sekunde arobaini, halafu simu inakatika.

Ukiwa na harusi Desemba hii, tupo Olenguruone, ulizia pale stendi. Bwana harusi mwenye jina la silabi mbili anapunguziwa bei.