Safu ya Ushauri: Nyimbo Mpya kwa Watoto na kwa Waliowazaa

Muziki mpya wa watoto huingia nyumbani kwa njia tatu: mtu anayeimba, redio au televisheni, na simu. Njia ya tatu ndiyo inayojaza sanduku la barua za safu hii. Nyimbo zilizomo kwenye simu hazihesabiki, lakini unaosikika sebuleni ni mmoja tu, uleule wa jana.

Aliyechoka, wa Tabata, analalamika kuwa mwanawe wa miaka mitatu hataki kitu kingine ila wimbo wa familia ya papa, tangu uji wa asubuhi hadi chandarua kishushwe. Wimbo huo uliwekwa YouTube na Pinkfong ya Korea Kusini mwaka 2016, na Januari 2022 ukawa video ya kwanza ya mtandao huo kutazamwa zaidi ya mara bilioni 10. Aliyechoka ana wenzake wengi. Mtoto wa umri huo hupenda marudio kwa sababu anajua kinachofuata, na kujua kinachofuata ni ushindi mkubwa kwa mtu ambaye bado anavalishwa viatu. Ubaya uko kwenye simu. Programu hupendekeza kwa kufuata kilichokwisha kuchezwa, wala haijui ni mkono wa nani umeishika. Ndivyo fundi magari mwenye ndevu zake anavyohesabiwa kuwa shabiki wa papa, na kila akitafuta rumba huletewa samaki.

Kupiga marufuku hakusaidii, kwa kuwa marufuku huutia wimbo utamu. Kwanza kizimwe kile kitufe kinachoruhusu video kufuatana zenyewe. Kisha wimbo mmoja mgeni uwekwe mara tu baada ya ule kipenzi, bila hotuba, na urudiwe siku kadhaa. Kukataliwa mara ya kwanza si kushindwa. Pa kuanzia si mbali. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam, hutengeneza Ubongo Kids, kipindi kilichoanza kurushwa mwaka 2014, na Akili and Me kwa wale ambao hawajafikia umri wa shule ya msingi. Nyimbo zake hufundisha hesabu na herufi kwa Kiswahili, na mzazi anayelazimika kuzisikia kutwa nzima huwa angalau amekumbushwa hesabu.

Mwenye Aibu, wa Mwanza, ana binti wa miaka sita aliyeimba kibwagizo cha Bongo Fleva mbele ya wageni waliokuja kuposa, maneno yote sahihi na kiuno hakikubaki nyuma. Ile alama ya E inayoonya juu ya lugha chafu hutegemea waliopandisha wimbo, na mafumbo huyapita bila kubisha hodi. Taarabu, tangu enzi za Siti binti Saad aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, ilisema ya wakubwa kwa maneno ambayo mtoto angeyaimba bila kujua. Mafumbo ya siku hizi ni mepesi zaidi kufumbuliwa, hasa na wageni wa posa. Kinga ni moja: mtu mzima ausikilize wimbo hadi mwisho kabla haujaingia kwenye orodha ya watoto. Posa, kwa mujibu wa barua, ilikubaliwa.

Barua ya Mama Watoto, wa Minneapolis, ni nzito zaidi. Wanawe wanaelewa Kiswahili lakini hawajui wimbo hata mmoja wa Kiswahili, na video alizowawekea waliziacha kabla hazijafika nusu. Sababu ni kwamba nyimbo nyingi za watoto wa Afrika Mashariki ni michezo. Ukuti Ukuti huimbwa kwa kushikana mikono na kuzunguka; mtoto akikalishwa kwenye kochi aitazame, amenyimwa mchezo akaachiwa kelele. Dawa ni kusogeza meza ya sebuleni na kumwomba bibi atume wimbo kwa ujumbe wa sauti, kisha familia iucheze ikiwa imesimama. Huko huko Marekani, Ella Jenkins, mwimbaji wa Chicago aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 100, alijenga kazi yake yote juu ya utaratibu ambao kila shangazi wa pwani anaujua: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1957, ilitolewa na Folkways, na bado inafaa kwa watoto wanaojifunza lugha mbili.

Nyumba Isiyoelewana, ya Tanga, ina spika moja, baba wa rumba, mama wa kwaya na kijana wa singeli, muziki ambao mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Ushauri ni zamu, wimbo mmoja kwa kila mtu, na hakuna kununa wakati wa zamu ya mwingine. Sauti ipunguzwe: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 75 kwa saa 40 za wiki kwa watoto, dhidi ya 80 kwa watu wazima. Fedha ikiruhusu, Februari familia ivuke kwenda Zanzibar kwenye Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Mtoto aliyemwona mpigaji akibonyeza vyuma vya ilimba kwa vidole gumba huutafuta mlio huo mwenyewe.

Baba Asiyejua Kuimba, wa Morogoro, anauliza kama anyamaze. Mtoto mchanga huitambua sauti ya mamaye tangu kuzaliwa, na ya babaye huizoea kwa kuisikia. Uzuri wake hautiliwi maanani. Aimbe. Malalamiko ya majirani yatumwe kwenye safu nyingine.