Sifa za Breki Inayotetemeka

Mtetemo wa breki ya mbele ni ile hali ya usukani na uma wa baiskeli ya umeme kutikisika kila breki inaposhikwa. Wanaoupata huulaani, na hawautendei haki. Betri huisha bila kuaga, mota huzima njiani, tairi hupasuka mbali na fundi. Mtetemo pekee huja mapema, hupiga hodi kwenye viganja vya mpandaji, na hautozi chochote.

Mji wa Machakos, Kenya, unastahili kuupokea kwa heshima. Mji umekaa chini ya vilima vya Iveti, na atokaye huko juu hushika breki karibu njia nzima. Baiskeli ya umeme kwa kawaida ina kilo 20 hadi 30. Akiongezwa mpandaji, jumla hukaribia kilo 100. Uzito huo ukishuka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, yapo takriban jouli 98,000 za kumezwa: joto la kuongeza nyuzi 23 kwenye lita moja ya maji. Upepo huchukua sehemu yake. Kinachobaki huangukia zaidi breki ya mbele, maana baiskeli ikipunguza mwendo uzito hulalia mbele, na diski inayobanwa na breki hiyo kwa kawaida ni bamba la chuma lisilofika unene wa milimita 2. Kulalamika hapo si utovu wa adabu.

Mtetemo pia hausemi uongo. Huko Kyamwilu, karibu na Machakos, kwenye kilima cha Kituluni, maji yaliyomwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima, na gari lililotolewa gia huyafuata. Mandhari huwadanganya watazamaji. Breki haidanganyiki: palipo na haja ya kuishika ili kuzuia mwendo ni mteremko, nao mtetemo hutoa ushahidi hata macho yakiapa vingine.

Ushahidi wake una lahaja. Mapigo yanayofuatana na mzunguko wa gurudumu, ya haraka kwenye kasi na ya polepole karibu na kusimama, hutaja diski iliyopinda au iliyolika bila usawa. Mtikisiko wa mfululizo wenye kelele hutaja oili kwenye diski au pedi. “Ko” moja tu breki inaposhikwa hutaja kitu kilicholegea, na mara nyingi kitu hicho si breki kamwe. Breki ya mbele ikishikwa, baiskeli isukumwe mbele na nyuma huku kidole kikigusa maungio ya uma na fremu. Pakicheza, beringi za usukani ndizo zenye kesi. Wakati huo breki imebeba lawama za jirani kimyakimya, fadhila adimu hata miongoni mwa binadamu. Baada ya hapo hukaguliwa bolti za kalipa, bolti za diski, beringi za gurudumu na nati za ekseli, hasa mota inapokuwa ndani ya gurudumu la mbele.

Ipo imani kwamba kila kinachopiga kelele kwenye baiskeli kinataka oili. Mtetemo huipinga imani hii kwa ukali wa haki: tone lililorukia diski wakati wa kupaka mnyororo latosha kuuanzisha. Diski hufutwa kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zilizokwisha kunywa oili hubadilishwa, kwani msasa huondoa ya juu na kuiacha ya ndani. Diski iliyopinda kidogo hunyooshwa taratibu. Iliyolika chini ya kipimo kilichochapwa juu yake hutupwa.

Pedi mpya nazo hufundwa. Baiskeli hufikishwa kilomita 20 hivi kwa saa, breki ikabanwa polepole hadi mwendo wa mtu atembeaye bila gurudumu kukwama, na zoezi likarudiwa mara 10 hadi 20. Hutakiwa mahali tambarare, sharti ambalo upande wa Iveti halitimiziki kirahisi. Zikifundwa vibaya huacha mabaka kwenye diski, na mtetemo hurudi kazini.

Yote haya yakifanyika na usukani bado ukitikisika, mara nyingi huwa ni uma wenyewe, ukiwa wa springi, uliolika kwenye bushi zake. Huo hufunguliwa wote, bushi zikabadilishwa, au ukawekwa uma mwingine.