Friji Halikabidhiwi Kimya

Dar es Salaam hakuna kitu kinachokabidhiwa kimyakimya. Keki inapelekwa kwa wakwe kwa kucheza. Ndafu, yule mbuzi mzima aliyebanikwa akasimamishwa na majani mdomoni, anaingizwa ukumbini kwa kucheza, na mpishi mwenye kofia nyeupe anatangulia akikata kiuno huku kisu kiko mkononi. Shampeni inachezewa kabla ya kufunguliwa. Maharusi wanaingia kwa kucheza, na wazazi wao, watu wazima wenye presha na kisukari, wanaitwa na MC mmoja mmoja waje mbele "kwa staili yao". Aliyezaliwa bila staili afanye nini?

Mimi ni mtu wa namna hiyo. Miguu ni mizima, masikio yanasikia ngoma vizuri, ila habari haziifikii miguu kwa wakati. Mke wangu kwao Tanga, na Tanga mnaijua. Wakati wa uchumba tulikuwa tunakaa tu tukizungumza, hakuwa na sababu ya kuuliza.

Watu wa nje ya mji hudhani sherehe unaweza kuikwepa. Hawajui inavyokuja. Kabla ya kadi ya mwaliko kuna kadi ya mchango, na kabla ya kadi ya mchango kuna kundi la WhatsApp ambalo umeingizwa usiku ukiwa umelala. Unaamka asubuhi umeshakuwa mjumbe. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mweka hazina yupo, na picha ya maharusi watarajiwa wakitazamana chini ya mwembe ipo. Halafu inakuja orodha: jina, ahadi, taslimu, baki. Jina lako limo tayari, na kwenye taslimu umewekewa kistari. Kila kunapokucha orodha hurudi na majina ya waliolipa jana, mikono ya kushukuru imepangwa mbele ya kila jina, na wewe na kistari chako mnazidi kuonekana. Kujitoa haiwezekani, maana simu itawanong'oneza wasimamizi wa kundi kwamba fulani ametoka, na ukoo mzima utajua. Basi unalipa. Na ukishalipa, roho inakuuma usipokwenda kuila hela yako. Hivyo ndivyo wasiojua kucheza wanavyofika ukumbini.

Mchango ukiwa mdogo unapewa kadi ya Single. Yaani unaitwa kuja kusherehekea watu wawili kuwa mwili mmoja, na wewe uliyeoa unaambiwa mkeo abaki nyumbani. Mimi hulipa ya Double, si kwa mapenzi tu, bali kwa sababu mke wangu akiwa uwanjani watu humtazama yeye.

Kadi husema saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo maharusi wako ufukweni Coco Beach wanapigwa picha, na wanaoujua mji wako nyumbani wanaoga. Ukifika saa kumi na mbili kweli unawakuta mafundi wakifunga vitambaa kwenye viti, na unapewa ngazi ushike.

Balaa lenyewe ni kwaito. Jina tumelitoa kwenye muziki wa Afrika Kusini, lakini huku kwetu tumelipa kazi ya kupanga wageni mistari: wote hatua zilezile, kulia, kushoto, nyuma, kisha ukumbi mzima unageuka kwa pamoja kutazama upande mwingine. Mwoga hukimbilia mstari wa nyuma, pale karibu na spika, akijua atajificha kwa migongo ya wenzake. Anachosahau ni kwamba kwaito inageuka. Ikigeuka mara moja, mstari wa nyuma unakuwa wa pembeni. Ikigeuka tena, ndio wa mbele, na ukumbi mzima uko nyuma yako unakufuatisha wewe.

Nimewahi kuongoza ukumbi kwa staili hiyo, Sinza, bila kuomba. Niligeukia kulia. Walionitegemea wakageukia kulia, waliojua wakageukia kushoto, tukabaki tunatazamana mistari miwili, wenye haki na waliopotea. Shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi, mwenye sare ya kitenge na kilemba kirefu, alinitazama kwa huruma niliyokuwa sijawahi kuiona nje ya wodi. MC akadhani ni ubunifu. "Wa Mbezi hao!" akapiga kelele. Mimi hata sikai Mbezi.

Baada ya hapo nikapiga hesabu. Wakati wa kukabidhi zawadi, MC huita makundi: wafanyakazi wenzake, majirani, marafiki wa bwana harusi. Kila kundi hupanga foleni mlangoni na kuja mbele likicheza, wenye vifurushi kichwani, wenye seti za glasi mikononi, na kwenye kundi letu kulikuwa na friji. Nikaliwahi mapema. Mtu aliyebeba friji, nilijiambia, ni mchukuzi; hakuna anayemtazama mchukuzi miguu.

Hesabu ingekuwa nzuri kama si mwenzangu wa mbele. Yeye alikuwa rafiki wa bwana harusi tangu shule ya msingi na furaha yake ilikuwa imeshamwagiliwa kreti zima. Tulianza vizuri, na wimbo wa pole. Tulipofika katikati ya ukumbi DJ akaona kundi limepooza, akatia singeli.

Singeli ni muziki wa Manzese na Tandale, umezaliwa kwenye vigodoro vya uswahilini, na huenda midundo 200 na zaidi kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100. Hapo kuna pengo, na pengo hilo linajazwa na ujana. Mwenzangu akaanza: hatua mbili mbele, moja nyuma, mbili mbele, moja nyuma. Mbili za mbele nilikuwa namkimbiza nisiachie. Ile moja ya nyuma ilikuwa inaishia tumboni kwangu pamoja na friji. Kila likinipiga, kiuno kilikuwa kinatoka kwenda kushoto chenyewe. Ukumbi ukalipuka. Watu ambao hawajawahi kunisifu maishani wakasimama juu ya viti. Bibi mmoja akaja kunitunza, akaniona mikono imeshikwa, akanibandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, na kwa jasho lile noti ikakaa. Nikamalizia safari kwa jicho moja.

Mbele ya meza kuu gundi ya mlango ikaachia, friji likafunguka, na droo ya mboga ikachomoka ikateleza sakafuni mpaka kwenye viatu vya baba wa bibi harusi. Mzee akaiokota, akaitazama ndani. "Mboga zimetangulia!" alisema MC, na DJ akalirudia kwa mwangwi mpaka nikatamani umeme ukatike. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie mji huu, haukukatika.

Baba yangu husema kosa si langu, ni la zama. Yeye alicheza dansi ujana wake wote na hakumjeruhi mtu. Yeye ni mtu wa Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na kwa majina yote hayo baba alikuwa nyuma yake. Baba mdogo ni wa Mlimani Park, Sikinde ya mwaka 1978, na hawa ndugu wawili wa tumbo moja hawajawahi kumaliza pilau la Idi bila kuulizana nani alikuwa na wapiga tarumbeta wa maana. Lakini jambo moja wanakubaliana. Wimbo wa dansi wa siku zile ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikwenda pole: unamshika mwenzio, unayumba kidogo, unasikiliza mashairi yanayosimulia shida za mume na mke. Ndipo linakuja chemko, magitaa yanachachamaa, na wanaojua wanajitokeza. Asiyejua alikuwa na nusu yake halali ya wimbo, halafu anakwenda zake kuagiza soda na heshima yake yote. Siku hizi wimbo unaanza na chemko, unamaliza na chemko, na soda unaletewa mezani ili usipate kisingizio.

Nimewahi kukimbilia hata Unguja, kwenye tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo hufanyika Februari. Nilipokwenda mimi jukwaa lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe. Tamasha lina sifa moja kubwa: umenunua tiketi, hupangiwi mstari, na hakuna anayekupa friji. Nilisimama karibu na ukuta nikifurahi kwa amani, mpaka kokoto ikaniingia kwenye kubadhi. Nikatikisa mguu. Haikutoka. Nikatikisa kwa nguvu zaidi nikiwa nimejishika ukutani. Mtalii mmoja mwenye mabega mekundu kwa jua akasimama akaniangalia kwa makini, kisha akaniuliza kwa adabu kama hiyo ni ngoma ya kabila langu na kama inaruhusiwa kujifunza. Akafundishwa. Alikuwa na kipaji kuliko mimi.

Lakini kwaito na singeli ni maafa ya mwili tu. Inayoweza kukuingiza kwenye ugomvi wa ukoo ni taarab. Wazee wa Unguja walioanzisha Ikhwani Safaa mwaka 1905 hawakukusudia hayo, na mpaka leo taarab asilia ni ya kukaa ukasikiliza. Huku kwetu mambo yalichacha miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, na sisi wasikilizaji tukanogewa. Ilionekana kwamba mtu unaweza kumsema jirani yako bila kufungua mdomo. Unangoja mstari unaomhusu. Unainuka na noti, mkono juu, unakwenda kumtunza mwimbaji taratibu kwa madaha, na njiani unamtupia mhusika jicho la pembeni. Ukifika jukwaani, ukumbi mzima umeshajua anayesemwa ni nani.

Sasa, harusi ya binamu wa mke wangu ilifanyika Magomeni, kwenye ukumbi ambao aliyeuchora aliweka choo nyuma ya jukwaa. Soda nilikuwa nimezikubali zote nilizoletewa. Nikainuka. Maneno ya wimbo sikuwa nayasikiliza hata kidogo. Baadaye niliambiwa mwimbaji alikuwa ndiyo kwanza amefika pale anapomsema mtu anayependezea vya watu na madeni hataki kulipa. Meza ya wakwe ikapiga vigelegele. Nikageuka kuona anashangiliwa nani, na macho yangu yakatua moja kwa moja kwenye meza ya shemeji yangu.

Shemeji huyo alikuwa na laki moja na nusu yangu, aliyoazima kutengenezea pikipiki. Ilikuwa siri ya watu wawili: mimi na yeye, na mke wangu, na mama yake mke wangu, na mama mdogo wa Korogwe, na majirani wa mama mdogo.

Mtu mwingine angeketi. Lakini nilikuwa nimebanwa, na aliyebanwa harudi nyuma. Nikasonga mbele polepole kwa sababu zangu mwenyewe, magoti karibukaribu, uso umekaza, na ukumbi ukayaona madaha ambayo kwenye kwaito niliyakosa. Mpiga kinanda alipoona mtu anakuja akalirudisha beti. Mwimbaji akashuka ngazi mbili, akanyoosha kiganja. Kumpita mwimbaji aliyenyoosha kiganja ni tusi jingine tena kubwa zaidi, na mfukoni nilikuwa na noti moja tu ya elfu kumi, nauli ya bajaji ya kuturudisha nyumbani. Nikampa. Akaurudia ule mstari kwa sauti ya juu, akinielekeza kwa kidole kwa shukrani, na kila aliponielekeza watu walimgeukia shemeji.

Choo nilikifikia. Niliporudi, kiti cha shemeji kilikuwa kitupu na kipande cha kuku kimeachwa nusu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mke wangu ameshika viatu mkononi, akiniuliza kila baada ya nguzo mbili za taa madaha yale nimejifunzia wapi. Asubuhi simu ikalia: laki moja na nusu kamili, pamoja na ya kutolea. Ujumbe ukafuata. "Shemeji ungenipigia tu."

Mama mkwe, ambaye tangu nimwoe binti yake alikuwa akiniita "baba" kwa sauti ya kunivumilia, sasa anawaambia majirani mkwe wake ni mpole lakini ana ulimi. Sikuwa nimetamka neno.

Kamati ya harusi ile ilivunjwa wiki iliyofuata. Kamati hapa mjini haivunjiki kwa mdomo. Inavunjwa kwa sherehe ya kuvunja kamati, yenye nyama choma, vinywaji na muziki, nayo ina mchango wake. Mweka hazina alisoma matumizi, tukampigia makofi, tukamshukuru Mungu kwamba deni la mapambo halikuwa kubwa. Ndipo katibu akaomba dakika moja. Mdogo wake amepeleka posa na imekubaliwa, na kwa kuwa wajumbe ni walewale na kundi la WhatsApp lipo, hakuona haja ya kuanza upya. Libadilishwe picha tu.

Vyeo vikagawiwa palepale, nyama ikiwa bado mdomoni. Idara ya burudani, jina langu lilitajwa na watu watatu kwa pamoja, na mwenyekiti akasema huyu hana mjadala, kila mtu alimwona Magomeni. Nikaomba nihamishiwe usafiri. Wakasema usafiri tayari una mtu, shemeji yangu, maana pikipiki yake imeshapona.